Chumvi

Mwisho wa mwezi mama hufuta meza kwa kiganja,
huwasha torshi ya simu, maana umeme wa Cimpunda
ni mgeni asiyeaga,
husema: Cibalonza, leta kaye.
Yeye hakusoma. Mimi ndiye mkono.
Yeye ndiye kichwa.

Na kichwa hicho hakisahau. Anazijua faranga zetu
kama babu yake alivyojua ng'ombe, kwa pembe na kwa madoa:
Unga wa muhogo, siku ile ukuta wa Mama Nsimire ulipoporomoka.
Sambaza mara tisa. Hapana, kumi,
mara ya kumi zilikuwa na mchanga, lakini tulikula.
Makala nusu gunia, chini vumbi tupu, andika na vumbi.
Maji, bidoni thelathini na nne.
Soda ya yule aliyekuja kukata umeme.
— Niandike soda?
— Si alikunywa?

Halafu, akitazama mlango,
sauti ikishuka kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala:
Chumvi. Elfu ishirini na nane.

Naandika. Nina miaka kumi na miwili,
pakiti ya chumvi pale kwa Cikuru naijua bei,
na kwa chumvi hiyo tungekausha samaki wote wa Kivu
tukabakiza ya kutia kwenye sombe.
Lakini mkono haukihoji kichwa.

Jumapili, baada ya misa, baba huvaa miwani
iliyofungwa uzi upande wa kushoto,
hupitisha kidole juu ya safu, kidole cha fundi redio
kinachotafuta waya uliokatika.
Kwenye chumvi kidole husimama.
Baba hukohoa.
Huuliza kwa nini makala yamepanda.

Usiku mmoja niliisoma kaye tangu mwanzo,
kwa ajili ya hesabu tu, nilijiambia.
Dola ilipopanda sokoni Kadutu,
chumvi ilipanda nayo, mia tano juu ya mia tano.
Mei chumvi. Juni chumvi.
Julai hatukula chumvi.
Agosti hatukula chumvi.
Septemba tukala mara mbili.

Nikafunga kaye. Nikaifungua tena.

Kisha ikaja ile asubuhi ya kufukuza wenye deni.
Direkta alisoma majina uani, karatasi ikipepea,
akasoma langu, nikatoka mstarini.
Kwenye safu ya darasa la nne mvulana mmoja hakusomwa.
Akonkwa, wa kule Panzi.
Masikio yake ni ya baba, yote mawili.
Nilishuka mlima na mkoba mgongoni,
matope yakinivuta kiatu, na nilikuwa na neno la kumwambia mama,
neno refu, nililipanga njia nzima.
Nilimkuta anamenya viazi.
Nikachukua kisu cha pili.

Mwezi huu redio za watu hazikuharibika.
Mama anapunguza: futa sabuni ya unga.
Futa nyama ya Noeli. Futa likelemba,
nitaongea na wenzangu, watanielewa, wasiponielewa basi.
Biki inakwaruza, inakwaruza,
inafika chini ya ukurasa.
Anatazama mlango. Safari hii hasemi kitu.

Nikauliza mimi:
— Na chumvi?

Mvua ilikuwa juu ya mabati, ile ya Bukavu, isiyo na haraka.
Alinitazama mpaka torshi ikaanza kufifia.
— Anavaa viatu?
— Vya raba. Kimoja kimepasuka.

Akahesabu vidole chini ya meza,
nikasikia ukucha ukigusa ukucha.
— Andika chumvi, akasema. Palepale pake.
Na chini yake
andika pilipili.